2147483647: namba tasa inayoishi ndani ya kompyuta zetu

Ukikaa na mifumo ya kompyuta muda mrefu lazima utakutana na 2147483647. Mimi nilianza kuiona kwenye orodha ya wanachama wa Saccos moja, safu ya namba za simu, mtu wa kwanza simu yake 2147483647, wa pili 2147483647, wa tatu hivyohivyo, ukurasa mzima mpaka chini, na aliyeniita anashangaa inakuwaje watu wote wale wanatumia laini moja. Mafundi wanalijua hili tatizo vizuri. Safu imewekwa aina ya INT, yaani nafasi ya namba nzima yenye kikomo, namba zetu zikianza na 255 zinakuwa tarakimu 12, hazienei, na MySQL, programu ya kuhifadhi data, kama hujaiwekea ukali haikatai, inachukua namba kubwa kuliko zote inayoweza kuibeba pale inaiandika hiyo. Kila namba ya simu inayozidi kilele inageuka kuwa kilele.

Dawa yake ni kuhifadhi namba ya simu kama maandishi, na wengi wanaishia hapo. Limiti ya INT, badilisha, tuendelee na kazi. Ila hii namba ina habari kubwa kuliko hiyo, na inaniuma kuona mtu anaipita kila siku kama kibao cha barabarani bila kujua kwamba ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na yenyewe, kwamba watu walibishana nayo zaidi ya miaka mia tatu kabla ya hiyo kompyuta kuwepo, na kwamba uthibitisho wake unaweza kuufuata wewe mwenyewe kwa hesabu za sekondari. Tuingie.

Kwanza inatoka wapi. Kompyuta inaandika namba kwa biti, kila biti ni 0 au 1. Ukiipa namba nafasi ya biti 32, moja inatumika kuonyesha kama ni hasi au chanya, zinabaki 31. Zote 31 ukizijaza 1 unapata namba kubwa kabisa, ambayo ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 31 kisha utoe moja, yaani 2^31 − 1. Kwa maneno ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kwa hiyo kuwa kilele si ajabu yoyote, ni matokeo tu ya jinsi wahandisi walivyogawa nafasi.

Kuwa tasa ndiyo ajabu, kwa sababu vilele vingine haviko hivyo. Angalia jamaa zake. Biti 8 zenye alama ya hasi na chanya kilele chake ni 127, hiyo tasa. Biti 16 kilele ni 32767, ambayo ni 7 × 31 × 151, si tasa. Biti 32 ndiyo yetu. Biti 64 kilele ni 9223372036854775807 na hiyo inagawanyika kwa 7, mapema tu, huna haja ya kuhangaika. Hakuna sheria ya uhandisi inayosema kilele kiwe tasa, imetokea tu kwamba 31 ni mojawapo ya vipeo vyenye bahati.

Sababu ya 32767 na ile ya biti 64 kufeli iko kwenye kipeo. Kipeo kikigawanyika na namba nayo inagawanyika. 15 ni 3 × 5, basi 2^15 − 1 inagawanyika kwa 2^3 − 1 ambayo ni 7, na 63 nayo ina 3 ndani yake, hivyo 7 inaingia tena. Kwa hiyo ukitaka 2^n − 1 iwe tasa lazima n yenyewe iwe tasa. Lakini hiyo haitoshi, na hapa ndipo wengi wanateleza. 11 ni tasa, halafu 2^11 − 1 ni 2047, ambayo ni 23 × 89. 23 ni tasa, 2^23 − 1 inagawanyika kwa 47. 29 ni tasa, 2^29 − 1 inagawanyika kwa 233. Ukifika 31 huna uhakika wowote, inabidi ukae chini ufanye kazi.

Namba za aina hii zikiwa tasa zinaitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644 akidai vipeo vinavyofaa mpaka 257. Orodha ilikuwa na makosa, aliweka 67 na 257 ambazo hazifai, akaacha 61, 89 na 107 ambazo zinafaa. Ila 31 aliiweka na alipatia. Kabla yake Mtaliano Pietro Cataldi alishadai mwaka 1603 kwamba 31 inafaa, ila kwenye dai hilohilo aliweka 23, 29 na 37, na zote tatu zikaanguka baadaye mikononi mwa wanahisabati Fermat na Euler. Kwa hiyo hali ilikuwa hivi, namba imetajwa na watu wawili wakubwa, wote wawili wameshakosea sehemu nyingine, na hakuna aliyeonyesha uthibitisho. Unamwamini nani hapo?

Aliyemaliza ubishi ni Leonhard Euler, na alilieleza jambo hilo kwenye barua kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, Urusi, na macho yake wakati huo yalikuwa karibu hayaoni kabisa. Na hapa naomba twende polepole kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Njia ya kawaida ya kujua kama namba ni tasa ni kujaribu kuigawa kwa namba tasa ndogondogo mpaka ufike kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2147483647 ni 46340 na ushee. Chini ya hapo kuna namba tasa 4792. Kwa mkono, kwa kalamu ya wino, kugawa namba ya tarakimu 10 mara 4792 bila kukosea hata mara moja, sijui nani angejitolea. Euler alizichuja kwanza.

Chujio la kwanza. Tuseme kuna namba tasa, tuiite q, inayoigawa 2^31 − 1 bila baki. Maana yake 2^31 ukiigawa kwa q inabaki 1. Sasa Fermat alishaonyesha mwaka 1640 kwamba ukichukua 2, 4, 8, 16 ukaendelea hivyo, kila moja ukiigawa kwa q na kuangalia baki, mabaki yanazunguka na kurudi kwenye 1, na urefu wa huo mzunguko lazima uigawe q − 1 sawasawa. Hapa tumeshajua tunarudi kwenye 1 baada ya hatua 31, na kwa vile 31 ni tasa mzunguko hauwezi kuwa mfupi zaidi, labda uwe 1 ambao hauwezekani. Basi 31 inaigawa q − 1. Na q ni witiri kwa hiyo q − 1 ni shufwa, hivyo 62 nzima inaigawa q − 1. Kwa maneno mengine q lazima iwe 62 ukiizidisha na kitu halafu ujumlishe 1. Ukitaka kuona hii kitu inafanya kazi rudi kwenye 2047, kipeo ni 11, kwa hiyo vigawo lazima viwe kwenye msururu wa 22 mara kitu jumlisha 1, na cha kwanza kabisa ni 23, kinaingia palepale, na mwenzake 89 ni 22 × 4 + 1.

Chujio la pili ni fupi ila ni zuri sana. Kama 2^31 inabaki 1, basi 2^32 inabaki 2. Lakini 2^32 ni 2^16 ikizidishwa yenyewe, yaani ni mraba. Kwa hiyo mbele ya q namba 2 inajionyesha kama mraba, na hilo linatokea tu kama q ukiigawa kwa 8 inabaki 1 au 7. Unganisha machujio yote mawili utapata kwamba q haina pa kukaa isipokuwa kwenye misururu miwili, 248k + 1 na 248k + 63.

Sasa hesabu mwenyewe. Chini ya 46341 msururu wa kwanza una namba 186, wa pili una 187 ukianza na 63 yenyewe, na 63 inatoka mara moja kwa kuwa si tasa. Zinabaki 372. Kutoka kugawa mara elfu nne na mia saba na kitu tumeshuka mpaka 372, na kati ya hizo nyingi nazo si tasa unazifuta bila kuzijaribu. Zinaanza hivi: 249 ni 3 × 83, futa. 311 ni tasa, jaribu. 497 ni 7 × 71, futa. 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, zote zinafutika, ndipo unafika 1303 ambayo ni tasa.

Chukua simu yako fungua kalkuleta. 311 × 6905092 ni 2147483612, inabaki 35. Haikuingia. 1303 × 1648107 ni 2147483421, inabaki 226. Haikuingia. Unaendelea hivyo mpaka unaikaribia 46340 na hakuna hata moja inayoingia, na hapo namba imethibitishwa kuwa tasa, haihitaji imani ya mtu. Kinachonigusa ni kwamba jamaa hakuwa na mashine, alikuwa na hoja mbili fupi, na hizo hoja mbili zimebeba kazi nzima. Ningependa mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne apate nafasi ya kuifanya hii hata kwa saa moja tu, kwa sababu kwenye silabasi namba tasa zinafundishwa kwa KDS na KKS halafu zinaachwa zikiwa bado baridi.

Kwa miaka mingi baada ya hapo hii ndiyo iliyokuwa inatajwa vitabuni kama namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Na ilikuja na zawadi. Namba kamilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, unaipata yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28 ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha zamani sana kwamba kila namba tasa ya Mersenne inazaa namba kamilifu, na ya kwetu ukiizidisha na 2^30 inazaa 2305843008139952128, ya nane kwenye orodha. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, maana zinavutia tu, hazina faida, na haelekei kuwepo mtu atakayehangaika kutafuta inayoizidi. Mwaka 1876 Édouard Lucas akaleta 2^127 − 1, tarakimu 39, na namba kamilifu yake ikaiacha ile ya Barlow mbali.

Tabia nyingine za hii namba nazitaja harakaharaka. Haina pacha, maana pacha wa tasa ni tasa nyingine iliyo mbali kwa 2, na hapa 2147483645 inaishia na 5 na 2147483649 inagawanyika kwa 3. Tasa iliyo nyuma yake ni 2147483629 na iliyo mbele ni 2147483659. Kwenye upande wa miraba iko kwenye kundi gumu. Mraba wowote ukiugawa kwa 8 unabaki 0, 1 au 4, hakuna lingine, na ukijumlisha mabaki matatu ya namna hiyo huwezi kupata 7 hata ufanyeje. Namba yetu ukiigawa kwa 8 inabaki 7. Kwa hiyo haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili wala mitatu, inahitaji minne kamili, na Lagrange alishathibitisha mwaka 1770 kwamba minne inatosha kwa namba yoyote. Ukitaka kuiona ni hii hapa: 46339² + 425² + 10² + 1². Jumlisha, utafika palepale.

Na je utasa wake una kazi yoyote kwenye kompyuta au ni pambo? Una kazi. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia ya kuzalisha namba zinazoonekana za kubahatisha: chukua namba, zidisha na 16807, gawa kwa 2147483647, baki ndiyo namba yako mpya, rudia. Ukianza na 1 unapata 16807, halafu 282475249, halafu 1622650073, na inaendelea kuruka huku na huko. Kwa sababu 2147483647 ni tasa, na kwa sababu 16807, ambayo ni 7 kipeo cha 5, imechaguliwa kwa makini, mzunguko unapita kila namba kuanzia 1 mpaka 2147483646 mara moja moja kabla ya kujirudia. Ingekuwa na vigawo, baki moja lingeweza kudondoka kwenye kigawo na lisitoke tena humo. Njia hii haifai kwa mambo ya siri wala ya pesa, mzunguko wake ni mfupi kwa kompyuta za leo, ila bado ipo ndani ya lugha ya C++ kwa jina minstd_rand0.

Upande wa kilele nao una visa vyake. Desemba 2014 YouTube walitangaza kwamba kihesabu cha watazamaji imebidi kipelekwe biti 64, kwa sababu wimbo wa Gangnam Style wa PSY ulikuwa unavuka 2147483647. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme wake kabla ya kufikisha siku 248 mfululizo, maana vidhibiti vya jenereta vingeweza kujizima vyote kwa pamoja, na ukichukua 2^31 ukaihesabu kama sehemu ya mia ya sekunde utapata siku 248 na nusu hivi. Hiyo 248 haihusiani na ile ya Euler, ile ni 8 × 31, nasema mapema mtu asije akaniuliza.

Halafu kuna 2038. Mifumo mingi inahesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, na ile inayotumia biti 32 itafikisha sekunde 2147483647 siku ya Jumanne, Januari 19, 2038, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata inageuka hasi na mfumo unajiona uko Desemba 1901. Kompyuta na simu mpya nyingi zimeshahamia biti 64, wasiwasi uko kwenye vifaa vilivyofungwa ukutani miaka mingi iliyopita na hakuna anayekumbuka kuviboresha. Mwenye mkopo wa nyumba wa muda mrefu tarehe zake zimeshavuka hapo tayari, kwa hiyo hili si jambo la wajukuu.

Turudi kwenye utasa, maana kuna swali moja ambalo limebaki na kwangu ndilo tamu. 31 yenyewe ni 2^5 − 1, ni tasa ya Mersenne. Kwa hiyo 2147483647 ni tasa ya Mersenne iliyojengwa juu ya tasa ya Mersenne, na za namna hiyo zinazojulikana ni nne tu: 7, 127, hii yetu, na 2^127 − 1 ya Lucas. Sasa panda ngazi moja zaidi. Weka 2147483647 yenyewe kama kipeo, 2^2147483647 − 1. Hiyo ni namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646. Tasa kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024 na GIMPS, mradi wa kutafuta tasa za Mersenne, 2^136279841 − 1, ina tarakimu 41,024,320, yaani hii ingeizidi urefu zaidi ya mara 15. Hakuna anayeweza kuiandika kwenye karatasi na haina haja, kwa sababu machujio ya Euler yanafanya kazi hata huko: kigawo chochote lazima kiwe 2147483647 mara mbili, mara kitu, jumlisha 1, na ukikigawa kwa 8 kibaki 1 au 7. Na kigawo kilipatikana. Ni 295257526626031, tarakimu 15 tu, kwa hiyo namba nzima ile si tasa. Zidisha 4294967294 na 68745, jumlisha 1, utakiona, halafu chukua tarakimu zake tatu za mwisho, 031, gawa kwa 8, inabaki 7.